Choo na Maji si Sadaka



Matajiri husema kuwa choo, maji na matibabu ya wafanya kazi ni sadaka, nayo hutolewa faida ikibaki. Sisi wa Malaba tunakataa, maana ushahidi tuliuona barabarani kwa macho yetu.

Mwezi wa Januari 2022 serikali ya Uganda iliwataka madereva wa malori wapimwe Korona mpakani, na kila mmoja alipe dola 30. Madereva wakagoma. Malori yakapangana kilometa nyingi, hapa na Busia vile vile, watu wakilala humo humo ndani. Kule Uganda petroli ikaadimika. Mahali pengine lita moja ikapita shilingi 10,000 za huko. Ndipo malipo yale yakasimamishwa na magari yakaenda. Hesabuni wenyewe: dola 30 za dereva, na hasara ya wenye mizigo wote!

Lakini sisi wa reli tusiwacheke. Tunashindana na malori hayo kwa mizigo ile ile itokayo Mombasa, na njia ya Dar es Salaam nayo inaitaka. Mteja hatazami rangi ya injini, anauliza mzigo utafika lini. Dereva wa treni asiyelala, na fundi wa njia anayebeba mataruma bila glavu, wataufikishaje?

Twataka nyumba ya kupumzikia hapa Malaba, yenye vitanda na maji. Twaidai kama tunavyodai grisi ya mabehewa. Wajumbe wetu waliweke neno hili mezani kabla mapatano mapya hayajatiwa sahihi.