"Uko mutu wa nani?"

Hapa Ituri, ukisema CODECO inaua raia, wanakuita mtu wa Zaïre. Ukisema Zaïre nao wanaua, unakuwa CODECO. Ukiuliza utawala wa kijeshi, ulioanza Mei 2021, umetuletea usalama gani, sasa uko adui wa serikali.

Sisi tunasema yote matatu, na hatuko wa upande wowote.

Huu si mchezo. Jina moja tu kwenye bariere linaweza kummaliza mchimbaji anayetafuta chakula cha watoto. Tulishaona: Septemba 2002, kule Nyankunde, Wabira wengi waliuawa pamoja na Wahema, juu walihesabiwa kuwa upande wao. Hakuna aliyewauliza wanawaza nini.

Basi ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu, mtu akilalamika kwenye shimo ao sokoni, musimuulize kabila kwanza. Muulizane: alichosema ni kweli ao ni uongo? Na ninyi ma-PDG, musifukuze mtu kazini kwa jina alilobandikwa na wengine.

Anayelilia wafu wa pande zote si msaliti. Siku ya kupatana, ni yeye tutamuhitaji.