Fundi, andika bei hadharani

KAZI NA SOKO
Na Mwanajuma Kitsao

Yapo maneno mawili ambayo natamani yafutwe katika kila tangazo la biashara ndogo kwenye mtandao wa X: “Bei inboksi.” Fundi wa Ngong Road amepiga randa, amepaka vanishi, kitanda kimetoka safi, amekipiga picha mchana kweupe, halafu anaficha jambo la kwanza analotaka kujua mnunuzi. Mnunuzi mwenyewe yuko ndani ya matatu, bando limebaki kidogo. Hatamwandikia mtu asiyemjua kumuuliza kama kitanda ni cha elfu kumi na tano au cha elfu arobaini. Anasogeza kidole, anaenda zake.

Nimezisikia sababu za mafundi. Washindani wataona. Wateja hawalingani mifuko. Bei ni mazungumzo. Hii ya mwisho naielewa, maana sisi ni watu wa kupatana, lakini hata kupatana huanzia mahali. Andika hivi: “Kitanda futi tano kwa sita, saipresi, Sh18,000, maelewano yapo. Tuko Ngong Road karibu na Racecourse. Rongai naleta kwa Sh1,500.” Hapo umeuza. Aliye Rongai ameshajumlisha gharama kichwani, na aliye Kitengela atauliza kwake inafika kwa ngapi, hadharani, na jibu lako litasomwa na wengine kumi waliokuwa na swali hilohilo.

Tangazo hilo halifiki hata herufi 140, na 140 ndicho kilichokuwa kikomo cha X katika miaka yake ya mwanzo, ilipokuwa ikiitwa Twitter. Kikomo hicho kilitokana na SMS, ambayo hubeba herufi 160. Ishirini ziliachwa kwa jina la mwandishi. Mwaka 2017 nafasi iliongezwa mara mbili, ikawa herufi 280, na siku hizi anayelipia huandika makala nzima. Mimi bado naamini ule ufupi wa kwanza ndio unaomfaa mfanyabiashara.

Aliyelielewa jambo hili mapema alikuwa chifu. Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru, alivuma duniani mwaka 2012 kwa jinsi alivyowahudumia wananchi wake kupitia Twitter. Wezi wamevamia nyumba ya mwalimu saa kumi alfajiri: chifu anaandika, majirani wanatoka, wezi wanatimua mbio. Kondoo wa mtu amepotea: chifu anaandika rangi yake na kamba iliyo shingoni. Wengi pale kijijini hawakuwa na simu za intaneti. Ujumbe uliwafikia kama SMS kwenye kabambe zao.

Magazeti ya nje yalimsimulia kama kioja cha Afrika, nami sipendi abaki hivyo katika kumbukumbu zetu. Tazameni kazi yake ilivyokuwa. Kila ujumbe ulibeba jambo moja, ukataja mahali, ukasema anachotakiwa kufanya msomaji. Watu walimfuata kwa sababu ujumbe wake uliwafaa siku hiyohiyo. Ma3Route nayo, iliyoanza Nairobi mwaka huohuo wa 2012, ilikua kwa njia hiyo: dereva na abiria wanaambizana msongamano uko wapi na ajali imetokea wapi, na anayesoma asubuhi huwa ndiye anayeandika jioni. Huko ndiko kujenga mtandao wa watu. Unatoa kitu cha manufaa kabla hujaomba.

Vijana wanaotafuta kazi ndio ninaowaonea uchungu zaidi. Chini ya hashtegi ya #IkoKaziKE waajiri na wahitaji wamekuwa wakikutana kwa miaka, na ni jambo jema mno kwamba Wakenya wa kawaida husambaza tangazo la kazi wasiyoihitaji wenyewe ili limfikie mwingine. Lakini someni majibu yaliyo chini ya matangazo hayo. “Niko tayari kwa kazi yoyote, bosi.” Shida ya anayeandika hivyo naijua na siidharau. Hata hivyo mtu mwema anayetaka kukushika mkono hawezi kumwambia mwenzake, “Namjua kijana wa kazi yoyote.” Anaweza kusema, “Namjua msichana anayeandika vizuri juu ya hesabu za chama. Jana alieleza kwa nini michango ya wanachama na salio la benki havikulingana, na jinsi alivyolipata kosa.” Anaweza kusema, “Yuko fundi wa umeme Likoni aliyeonyesha nyaya alizozikuta kwenye nyumba ya kupanga na jinsi alivyoziacha.” Onyesha kazi uliyoifanya, hata kama ilikuwa ya shangazi yako na hukulipwa. Wajibu watu wa fani yako wanapouliza maswali. Kazi nyingi hupatikana kwa kutajwa, na hutajwi kama hakuna anayejua unachokiweza.

Hapa pia ndipo matapeli wanapovizia. Usiweke nambari ya kitambulisho wala PIN ya KRA hadharani; wasifu kazi unaosambaa mtandaoni hauhitaji vitu hivyo. Akikuomba mtu ada ya fomu au pesa za kukuwekea nafasi ya mahojiano, zitumwe kwa M-Pesa kabla ya saa kumi jioni, hiyo si kazi. Na wakala anayedai kupeleka watu Saudia au Qatar anapaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ulizia usajili wake kabla hujauza mbuzi wa nyumbani.

Kuna biashara nyingine inayonikera: ya kununua kelele. Mwaka 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo, katika ripoti ya Mozilla, walieleza jinsi vijana wa Kenya walivyokuwa wakilipwa kati ya dola 10 na 15 kushiriki kampeni za kuvumisha hashtegi, nyingine zikiwa za kuwachafua majaji na wanaharakati. Mitambo hiyohiyo ya kuvumisha siasa huuza pia sabuni na bia. Mwenye duka anayeshawishiwa kulipia “kutrendi” asubuhi moja afikirie atabaki na nini mchana. Akaunti bandia hazilali kitandani wala hazinunui.

Tena msiweke kila kitu kwenye kapu la kampuni moja. Aprili 2020 Twitter ilizima huduma ya SMS katika nchi nyingi, njia ileile iliyombeba chifu wa Lanet hadi kwa watu wake. Nigeria iliufunga mtandao huo kuanzia Juni 2021 hadi Januari 2022, na wafanyabiashara waliokuwa wakiutegemea wakakosa pa kuwapata wateja wao. Majirani zetu Tanzania waliona X ikifungwa Mei 2025. Mteja akishalipa, mwombe ruhusa ya kuhifadhi nambari yake ya simu, uiandike kando ya jina lake na alichonunua. Siku mtandao ukibadilishwa na mmiliki au ukifungwa na serikali, bado utaweza kumpigia.

Serikali yetu ina mpango wa Ajira Digital, ulioanzishwa mwaka 2016, na vijana wengi wamefunzwa huko kufanya kazi za mtandaoni kwa ajili ya wateja wa ng'ambo. Ni vizuri. Sasa naomba mafunzo hayo yamfikie seremala, fundi cherehani na mama anayepika chapati za oda: kupiga picha ya bidhaa kwenye mwanga, kuandika bei na mahali, kumjibu mlalamishi kwa adabu mbele ya watu, kumtambua tapeli. Maafisa wa kaunti hawakosi kufika kwa mafundi wa barabarani muda wa kulipia leseni ukitimia. Safari ijayo waje na mkufunzi.