Tuulize nani ameshika usukani

Mwaka 1920 kijana wa Kimarekani, Edwin Link, alilipa dola 50 kwa saa moja ya kufundishwa urubani. Mwalimu alimrusha, akampindua kichwa chini miguu juu, akashuka kukwangua mapaa ya nyumba, kisha akamrudisha chini. Usukani wenyewe kijana hakuugusa. Miaka kumi hivi baadaye, Link huyohuyo alikuwa akiviuzia viwanja vya burudani kidude chenye umbo la ndege na mabawa mafupi, kilichokaa juu ya kitako kisichobanduka sakafuni. Mteja alitumbukiza sarafu, akaketi, na kidude kikainama, kikainuka au kikageuka kwa kadiri alivyousogeza usukani. Saa ile ya dola 50 iliitwa somo, na dakika chache za sarafu zikaitwa mchezo. Nadhani majina haya yalibadilishana mahali, na kosa hilo la kuita vitu kwa kuangalia vimesimama wapi badala ya vinamtaka mtu afanye nini liliigharimu Marekani roho za watu.

Link hakutoka katika ukoo wa mainjinia wa ndege. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda mjini Binghamton, jimbo la New York: vinanda vya majumba ya sinema, na vile vinavyojipiga vyenyewe kwa karatasi yenye matundu. Ufundi wa vinanda hivyo ni ufundi wa hewa. Pampu inafyonza, vali inafunguka, mvukuto unasinyaa au kujaa, na kitu fulani kinasogea. Katika chumba cha chini cha kiwanda hicho, mwishoni mwa miaka ya 1920, Link aliitoa mivukuto kwenye muziki akaiweka chini ya kiti cha rubani. Ukivuta usukani, vali zinabadili hewa ndani ya mivukuto na pua inapanda. Ukiusukuma pembeni, bawa linalala. Ukikanyaga pedali, chombo kizima kinazunguka. Kwa maoni yangu, huu ni mmoja wa mikopo mizuri kabisa katika historia ya ufundi, fundi wa vinanda kutambua kwamba ndege na kinanda vyote viwili vinasubiri mkono. Kabla yake Wafaransa wa kampuni ya ndege ya Antoinette walikuwa wamejaribu, mwaka 1910, kwa vipande viwili vya pipa lililopasuliwa ambavyo wasaidizi waliviyumbisha kwa mikono yao huku mwanafunzi akijitahidi kujisawazisha. Walikuwa na wazo. Kwa Link, mashine yenyewe ndiyo iliyojibu.

Alipokitembeza kidude chake kwa wenye shule za urubani na wakubwa wa jeshi, walikiangalia kama bembea ya watoto. Waliofungua pochi ni wenye viwanja vya burudani, ambao walinunua vidude hamsini hivi. Hataza aliyopewa Link mwaka 1931 haikuficha chochote: kichwa chake kinakitaja kifaa hicho kuwa cha kufundishia wanafunzi wa urubani na pia cha kuburudishia. Inaelekea kwamba maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyobaki vichwani mwa wakubwa. Kisha, Februari 1934, Rais Roosevelt alivunja mikataba ya kampuni binafsi zilizosafirisha barua kwa ndege, na kazi hiyo ikakabidhiwa jeshi katikati ya majira ya baridi. Marubani wa jeshi walizoea kuruka wakiiona ardhi. Sasa walitakiwa kuruka usiku, katika theluji na ukungu. Katika siku 78 walikufa zaidi ya 10. Ndipo maofisa wakaenda Newark kumsubiri mtu wa bembea. Siku hiyo kulikuwa na ukungu mzito na walikaribia kukata tamaa, mara Link akatua, akiwa ameiongoza ndege yake kwa kusoma mita zake tu, bila kuona nje. Juni mwaka huo jeshi lilinunua vifaa sita kwa dola 3,500 kila kimoja.

Msomaji makini atasema: hapo ndipo hoja inapovuja. Kidude cha viwanja vya burudani hakikuwa na mita za kuongozea ndege gizani; Link aliziongeza baadaye, katika shule yake mwenyewe. Jeshi lilinunua mita, si bembea. Pingamizi hili ni la haki na nusu yake naikubali. Lakini tuangalie kinachomuua rubani ndani ya wingu. Sikio la ndani, linalotuambia tumelala au tumesimama, huuzoea mzunguko wa taratibu likaacha kuuripoti. Rubani huhisi yuko sawasawa huku ndege ikilala upande na kuteremka, na anapojaribu kuinyoosha huhisi anaipinda. Mita inayosema ukweli haimsaidii mtu ambaye mwili wake haujazoea kukanushwa na mita hiyo, na mazoea hayo hayapatikani kwa kusoma ubaoni. Yanahitaji kiti kinachosogea, usukani unaojibu, na mtu anayekosea mara mia bila kuzikwa. Hivyo vyote vilikuwamo katika mashine iliyotumbukizwa sarafu. Mita zilikuja kukaa ndani ya nyumba iliyokwisha kujengwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwa kila bembea iliyokuja kuwa shule, kuna maelfu zilizobaki bembea, nami nimechagua iliyofaulu. Basi na tuchukue isiyofaulu. Hiram Maxim, yule wa bunduki ya mfululizo iliyobeba jina lake, ambayo jamii yake iliwamwagia risasi wapiganaji wa Maji Maji, alikuwa na ndoto ya kuruka. Mwaka 1894 huko Uingereza alijenga dubwana la mvuke lenye uzito wa tani tatu na nusu, likanyanyuka kidogo kwenye reli zake likavunjika. Akitafuta fedha za kuendelea, mwaka 1904 alitengeneza mashine ya burudani yenye vyombo vilivyoning'inia kwa nyaya na kuzungushwa na mhimili mrefu. Ile iliyowekwa Blackpool, Uingereza, imedumu zaidi ya karne. Maxim alitaka abiria wawe na mabawa ya kuongozea chombo chao angani. Wenye mamlaka walikataa kwa sababu ya usalama, na kwa kweli ni vigumu kuwalaumu. Yaliyobaki yalikuwa mzunguko, upepo na kelele, na Maxim mwenyewe aliidharau. Watu wengi mno wamepanda mashine hiyo, na haikumfundisha hata mmoja wao kuruka. Tofauti yake na kidude cha Link haiko katika fedha wala katika mahali iliposimama, kwani zote zilikuwa mali ya viwanja vya burudani. Moja ilikuwa na usukani na nyingine ilinyang'anywa.

Wengine wataonya kwamba mchezo hupandisha vichwa, mtu akajiona rubani kwa sarafu moja. Hatari hiyo ipo. Ila kifaa kinachomwonyesha mtu makosa yake hupunguza majigambo kuliko kinachomrusharusha tu, na ndiyo maana kwenye vifaa vya jeshi mwalimu alikaa mezani, akitazama kalamu yenye magurudumu ikichora juu ya ramani njia yote mwanafunzi aliyopita, pamoja na alikopotea. Katika Vita vya Pili vilitengenezwa vifaa zaidi ya 10,000, na marubani zaidi ya 500,000 wa Marekani walipitia humo. Kipimo hichohicho, cha kuuliza nani ameshika usukani, kinatufaa tunapogombana na watoto kuhusu michezo ya simu, au tunapojisifu kwa darasa la kompyuta ambamo wanafunzi hamsini wanamtazama mwalimu akibofya.

Mwaka 1987, zaidi ya miaka mitano baada ya Link kufariki, Disneyland ilifungua Star Tours huko California. Mashine zake zilitoka kwa watengenezaji wa simuleta za marubani nchini Uingereza, na zilisukumwa kwa mitambo ya mafuta yenye nguvu ambayo kiwanda cha Binghamton kisingeiota. Kila chumba kilibeba abiria 40, wakafungwa mikanda, wakayumbishwa kwenda na sinema iliyo mbele yao, wakapiga mayowe. Usukani hakuwa nao hata mmoja. Rubani wao katika hadithi hiyo alikuwa roboti, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza kazini.