Kura Isifuatwe kwa Pingu

Kila matokeo ya uchaguzi yatangazwapo, na ikaonekana kwamba waliojiandikisha ni wengi lakini waliopiga kura ni wachache, huzuka watu wanaodai itungwe sheria ya kumlazimisha kila raia apige kura, na asiyepiga atozwe faini. Maneno hayo tumeyasikia Mbarara mjini, na tumeyasikia pia kwa ndugu zetu askari, ambao hukesha wakilinda masanduku, kisha ifikapo adhuhuri wakaona vituo vimepoa. Hoja hiyo si ya kipuuzi, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima.

Wenye kuitetea wanazo takwimu. Mwaka 1996, wananchi wa Uganda walipomchagua Rais kwa kura ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza, waliopiga kura walizidi 72 kwa mia ya waliojiandikisha. Mwaka 2011 hawakufika 60 kwa mia, na mwaka 2021 hawakufika vile vile. Katika kura ya maoni ya tarehe 28 Julai 2005, iliyohusu kurudishwa kwa vyama vingi, hawakufika hata nusu. Wenye hoja hiyo hututajia Ubelgiji, iliyoanza kuwalazimisha raia wake tangu mwaka 1893, na Australia, ambako mwaka 1922 waliojitokeza hawakufika 60 kwa mia, na baada ya sheria ya mwaka 1924 wakapanda mara moja na kuzidi 90.

Juu ya hayo yote, sisi twaikataa sheria hiyo. Na sababu yetu ya kwanza yawahusu ninyi hasa msomao ukurasa huu. Sheria ikisha kupitishwa, ni nani atakayetumwa kuitekeleza? Si mbunge aliyeipigia makofi. Atatumwa askari, akiwa na orodha mkononi, akabishe hodi kijijini alfajiri na kuuliza ni nani hakupiga kura.

Jambo hilo nchi hii imekwisha kuliona. Mpaka ilipofutwa mwaka 2005, kodi ya kichwa ilikuwa ikifuatwa kwa namna hiyo hiyo. Askari kanga walikizingira kijiji kabla ya jua kuchomoza, wakawakusanya wanaume wasio na stakabadhi na kuwapeleka gombolola. Wanaume wazima, wenye wake na watoto, walilala katika migomba kwa kuogopa sare. Fedha zilipatikana kidogo, na chuki ikapatikana nyingi. Ilichukua miaka kwa mwanakijiji kujifunza kwamba mtu mwenye sare aweza kufika nyumbani kwake kwa heri. Je, twataka kumrudisha migombani, safari hii kwa ajili ya karatasi ya kura?

Sababu ya pili iko karibu na Mbarara, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo, yaliyotangazwa rasmi mwaka 1960, yalikuwa ndani ya Wilaya ya Mbarara mpaka ilipoundwa Wilaya ya Isingiro mwaka 2005. Wakaao humo ni zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Mkimbizi hana kura katika uchaguzi wa Uganda, na hatudai apewe. Lakini jirani yake, ambaye huteka maji ziwa lile lile na kuuza mahindi gulio lile lile, ni raia mwenye kura. Mara nyingi lugha yao ni moja na majina yao yafanana, kwani Katiba yenyewe ya mwaka 1995 yawataja Wanyarwanda miongoni mwa makabila ya asili ya Uganda.

Sasa, sheria ya kulazimisha kura hudai orodha iliyokamilika. Hapo ndipo pana hatari. Asiyekuwamo daftarini atakuwa ama mkosaji ama mgeni, na wote wawili watasimamishwa njiani watoe karatasi. Mwezi wa Oktoba 1982, katika wilaya hiyo hiyo ya Mbarara, viongozi wa mitaa na vijana wa chama kilichokuwa kikitawala, wakisaidiwa na polisi wa kikosi maalumu, waliwafukuza makumi ya maelfu ya watu walioitwa Wanyarwanda. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakaporwa. Wengine walikimbilia Rwanda, wengine wakasukumwa Nakivale na Oruchinga, na miongoni mwao walikuwamo raia halali wa nchi hii. Hatusemi kwamba faini ya kura italeta yale tena. Twasema kwamba katika nchi ya mpakani, orodha ya wasiopiga kura ni silaha, na silaha hailazwi mezani bila mwenyewe.

Tena hao wakimbizi wanaweza kutufundisha kitu. Wamo wazee wa Kikongo walioishi chini ya Mobutu. Mwaka 1970 alisimama yeye peke yake, kadi ya kijani ikiwa ya kumkubali na nyekundu ya kumkataa, na matangazo rasmi yakasema kwamba katika kura zaidi ya milioni 10, zilizomkataa ni 157 tu. (Twajiuliza hao 157 walilala wapi usiku ule.) Wamo pia Warundi. Kwao, kabla ya kura ya maoni ya Mei 2018, ilitolewa amri kwamba mwenye kuwashawishi watu wasipige kura aweza kufungwa mpaka miaka mitatu. Umati mbele ya kituo, basi, haujawa ushahidi wa uhuru.

Lakini humo humo Nakivale wakimbizi huchagua mabaraza yao ya ustawi, yaliyoundwa kwa mfano wa mabaraza yetu ya vijiji, na hakuna atozwaye faini kwa kutokwenda. Huenda kwa sababu mwenyekiti wa baraza ndiye wanayemwendea kwanza kwa ugomvi wa kiwanja au wa bomba la maji. Na sisi raia je? Uchaguzi wa mabaraza ya vijiji uliofanyika tarehe 10 Julai 2018 ulikuja baada ya miaka 17 ya kungoja. Ingekuwapo sheria ya faini, ni nani angelipa kwa miaka hiyo yote?

Katiba yetu imelipanga jambo hili kwa busara kuliko wenye hoja ya faini. Kifungu cha 59 chasema kupiga kura ni haki ya raia aliyefika miaka 18, kujiandikisha ni wajibu wake, na Serikali yapaswa kuchukua kila hatua ili raia wajiandikishe na kuitumia haki hiyo. Basi na tuanze na wajibu wa Serikali. Daftari na lisahihishwe. Vituo visiwe mbali na wafugaji. Na askari aliyepelekwa lindo mbali na kituo alichojiandikisha atafutiwe njia ya kupiga kura yake, kwani lingekuwa jambo la ajabu kumtoza faini mtu aliyekosa kura kwa kulinda kura za wenziwe.

Siku ya uchaguzi, ndugu askari, utamwona mtu akipita mbele ya kituo na kibuyu chake cha maziwa, asigeuke. Pengine amekata tamaa, pengine hampendi mgombea yeyote, pengine maziwa yataharibika. Hukuwekwa pale umwulize. Mwache apite, na ulinde njia yake kama unavyoilinda ya yule aliyesimama katika mstari.