Hati ya Mwalimu Isiwe Mzigo wa Mwalimu

Mzazi ampelekapo mtoto wake shuleni hamwulizi mwalimu cheti chake. Humwacha mtoto, akaenda zake shambani au sokoni, kwa kuwa anaamini kwamba Serikali imekwisha kumwuliza mwalimu yule kwa niaba yake. Imani hiyo ndiyo thamani ya hati ya ualimu, na kwa hiyo namna hati inavyotolewa, na namna inavyofanywa upya, ni jambo linalomhusu kila mzazi.

Nchini Kenya kazi hii imewekwa katika Katiba yenyewe. Kifungu cha 237 cha Katiba ya mwaka 2010 kimeipa Tume ya Huduma kwa Walimu madaraka ya kuwaandikisha walimu waliohitimu mafunzo, na sheria ya Tume ya mwaka 2012 inakataza mtu asiyeandikishwa kufundisha. Mwombaji hutakiwa kuleta vyeti vyake vya masomo, cheti cha polisi cha tabia njema, na fomu ya daktari. Tena jina lililoandikwa laweza kufutwa, kama pale mwalimu ahukumiwapo kwa kosa la kumwingilia mwanafunzi. Kwa masharti hayo hatuna ubishi hata kidogo. Mlango wa darasa wapaswa kuwa na bawabu, na bawabu huyo asilale.

Ubishi umezuka juu ya jambo la pili, nalo ni kuifanya hati kuwa mpya. Sheria hiyo ya 2012 yamtaka kila mwalimu aliyeandikishwa aendelee kujifunza kazi yake na achukue hati ya kufundishia. Mwezi wa Septemba 2021 Tume ilizindua mpango wa mafunzo wa kutimiza sharti hilo. Mafunzo yaligawanywa katika hatua sita, kila hatua miaka mitano, na mwalimu amalizapo hatua moja ndipo hati yake ifanywe upya. Ada ilitajwa kuwa shilingi 6,000 kwa mwaka, zitoke mfukoni mwa mwalimu. Vyama vya walimu vilipiga kelele mara moja.

Wako wasemao kwamba aliyefuzu chuo amefuzu, wala hana haja ya kurudi darasani. Sisi hatukubaliani nao. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na tangu 2019 shule zimekuwa zikiingia katika mtaala wa umilisi, darasa baada ya darasa. Mwalimu aliyeandaliwa kwa mfumo wa kwanza hawezi kuufundisha wa pili kwa kubahatisha. Elimu haina mwisho, na wa kwanza kuliamini neno hilo apaswa kuwa yule anayelifundisha.

Lakini kujifunza ni jambo moja, na kutozwa fedha ni jambo jingine. Shilingi 6,000 kwa miaka mitano ni shilingi 30,000, na kwa hatua zote sita ni 180,000. Mwalimu wa shule ya umma hawezi kuongeza bei ya somo lake ili arudishe gharama hiyo, kwani hana duka. Faida ya ujuzi wake mpya haimwendei yeye, humwendea mtoto na taifa. Mkulima atakaye jembe lake likate hulinoa mwenyewe, halidai jembe ada ya kunolewa. Kwa hiyo twasema waziwazi kwamba mafunzo yanayoamriwa na sheria hayana budi kulipiwa na hazina ya umma.

Liko na jambo jingine ambalo halisemwi sana. Kwa Katiba, Tume ile ile inayoandikisha walimu ndiyo inayowaajiri, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha, kuwatia adabu na kuwaachisha kazi. Ikiwa hati nayo itakuwa ikifa na kufufuliwa mikononi mwa mwajiri, mwalimu aliyechelewa kwa sababu ya ugonjwa, au kwa sababu kituo chake kiko mbali huko Turkana au Mandera, aweza kupoteza jina na mshahara kwa pigo moja. Haki yataka apewe onyo mapema, asikilizwe, na akate rufaa mbele ya watu wasio chini ya mwajiri wake.

Tena tusiwasahau wale walioandikishwa lakini bado hawajapata ajira. Hao wana nambari ya Tume, hawana mshahara wa Tume. Kumdai ada ya kila mwaka mtu anayengoja kazi ni kumfukuza kazini kabla hajaingia.

Ushauri wetu ni huu. Mafunzo yafanywe wakati wa likizo, karibu na mahali mwalimu anapofanyia kazi. Mwisho wake upimwe darasani, mbele ya watoto, wala si kwa risiti ya malipo. Walimu nao wasiikatae elimu kwa sababu ya kuikataa ada, kwani mambo hayo mawili si mamoja, na anayeyachanganya huwapa wapinzani wake silaha.

Hati ni ngao ya mtoto. Tukiigeuza kuwa kodi ya mwalimu, tutakuwa na makaratasi mapya katika makabati ya ofisi, na ufundishaji ule ule wa zamani mbele ya ubao.