Siri isiyofaa kufichwa

Ndugu mzazi, kijana wa sekondari anapoletwa kliniki akiwa na huzuni nzito, humuuliza nani alijua kwanza. Mara nyingi hujibu: “Rafiki yangu.” Si mama, si mwalimu.

Rafiki huyo ana msaada mkubwa. Nchini Kenya, utafiti wa Shamiri uliochapishwa 2021 ulionyesha kuwa wanafunzi waliokaa vikundini kwa wiki 4, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari karibuni, walipungukiwa dalili za sonona na wasiwasi kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za masomo. Lakini viongozi wale walipewa mafunzo na kusimamiwa.

Mwanao, awe Bunju au Bagamoyo, huenda anabeba mzigo wa mwenzake peke yake. Mfundishe kusikiliza bila kucheka na kutotangaza ya wenzake. Ila akisikia rafiki anataka kufa au kujidhuru, amwambie mtu mzima siku hiyohiyo, hata kama aliapishwa. Huo si umbea.

Akikujia, usimgombeze wala kusema “hayatuhusu”. Mwone mwalimu wa malezi, msaidie rafiki huyo afike kituo cha afya, au piga 116, simu ya mtoto, bila malipo.