Mzazi Naye Aulizwe Hali

Aprili 2020, kwa sababu ya korona, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru watu wasiingie wala kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Mei, Mji wa Kale wa Mombasa nao ukafungwa peke yake. Wengi wanakumbuka biashara zilizolala. Mimi ni mkunga hapa Mombasa, nami nawakumbuka wazazi waliokaa arobaini ya uzazi bila mtu.

Arobaini kwetu ni kazi ya watu kadhaa. Yuko wa kumkanda mzazi kwa maji moto, yuko wa kumkorogea uji wa pilipili manga, yuko wa kumpokea mtoto usiku ili mamake alale walau saa mbili. Kunyonyesha kunategemea mikono hiyo. Uchovu na hofu vikizidi, maziwa hukawia kushuka, mtoto analia, na mama anajiona yeye ndiye mwenye kasoro.

Namkumbuka binti mmoja wa Mji wa Kale, uzazi wa kwanza. Mamake alikuwa Malindi, hana njia ya kuja. Jirani mmoja akimwambia asimnyonyeshe mtoto, atamtia korona. Mwingine akimwambia mama anayempenda mwanawe hakosi maziwa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshasema wazi kwamba hata mama mwenye korona anyonyeshe, avae barakoa na anawe mikono. Basi neno la kwanza nililijibu. La pili ndilo lililomvunja. Mji ulipofunguliwa alikuja kliniki, mtoto akapimwa uzani, akadungwa chanjo. Nilipomuuliza, "Na wewe, mwanangu, u hali gani?" akalia. "Sista, namuangalia tu. Sihisi kitu. Naona haya kusema."

Ile ni sonona, na ni maradhi. Shirika hilohilo linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na sonona ndiyo kubwa. Ina matibabu, na zipo dawa ambazo mama anaweza kuzimeza huku ananyonyesha.

Miezi 6 ya maziwa ya mama pekee naihimiza kila siku, na nitaendelea. Lakini tukiyafanya maziwa kuwa kipimo cha mapenzi, aliyeelemewa atajificha, tena atajificha kwetu sisi wauguzi kwanza.

Tangu 1987 yapo maswali 10 yaliyotungwa na wataalamu wa Edinburgh, ya kumpima mzazi hali ya moyo. Hujibiwa kwa dakika chache. Kila kliniki inayompima mtoto uzani imuulize na mamake. Enyi wakwe na waume, mwacheni alale. Na serikali, mtakapoandika amri za mlipuko mwingine, mtu mmoja wa kumhudumia mzazi apewe kibali cha kupita.